Gari la Maiti Lililofunga Vioo

"Kisima kwa Ndoo. Harusi imefika wapi?"

Sauti ilitoka kwenye Motorola iliyofichwa chini ya kitenge, kwenye kiti cha abiria. Reine Kitobo hakuishika mara moja. Alikuwa akilipita lori la asidi, mkono mmoja kwenye usukani wa Toyota Carina kuukuu, mwingine ukifuta jasho shingoni.

Akabonyeza kitufe.

"Ndoo anasikia. Harusi iko mbele yangu. Lakini haiko harusi, Tantine. Batu bamefanya kilio."

Motorola ikakwaruza.

"Rudia."

"Gari ya maiti, basi ndogo ya waimbaji, na Prado nyeupe nyuma. Sanduku iko mu Mercedes. Juu ya sanduku kuko maua."

Georgette, mkuu wa ofisi ile ya Lubumbashi isiyo na kibao mlangoni, alikuwa ameongoza wapelelezi kwa miaka mingi na alidhani amekwisha kuona kila kitu. Reine alimsikia akivuta pumzi, kisha akitamka polepole neno la Kifaransa ambalo mama mtu mzima halitamki mbele ya watu.

Ujumbe wa asubuhi ulikuwa mfupi. Shehena ya mitungi ya gesi ya viyoyozi vya magari ingetoka kwenye ua mmoja nyuma ya stesheni ya Lubumbashi na kwenda Likasi. Mwenye mali aliitwa Carlos, mgeni mwenye pasipoti zaidi ya moja na tabasamu moja tu. Reine alikaa mbele ya ua ule akingojea lori. Geti lilipofunguliwa, likatoka jeneza.

"Uko na hakika ndjo beye, batu ya Carlos?" Georgette aliuliza.

"Niko na hakika. Bamefunga vioo."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Georgette alikuwa mtoto wa Likasi kama yeye.

Katika Katanga yote, mtu anaposindikizwa kwenda kuzikwa, vioo vya magari huwa chini. Vijana hutoa nusu ya mwili nje na kupiga mlango kwa kiganja kama ngoma. Matawi ya miti hufungwa mbele ya gari, nyimbo humwagika barabarani, na anayetembea kwa miguu husimama akavua kofia. Joto halina nafasi hapo. Aliyefiwa hakai akipulizwa ubaridi.

Msafara huu ulikuwa na matawi. Ulikuwa na nyimbo pia, ila zilisikika kama redio iliyofunikwa na sufuria. Vioo vyote vilikuwa juu. Ilikuwa Oktoba, mvua haijaanguka bado, barabara ilimeremeta kwa jua, na waombolezaji wale walikuwa wakistarehe kwenye kiyoyozi.

Aliyepanga kilio hicho alikuwa ameona vilio kwa mbali, kupitia kioo cha gari.

Reine alishusha kioo chake hadi chini.

"Tuwasimamishe ku péage?" aliuliza, akikifikiria kizuizi cha kulipia barabara kilichokuwa mbele.

"Hapana. Hamuna askari atafungua sanduku ya maiti mbele ya bamama benye kuimba. Na minye sitaki gazi tu. Nataka ule anaipokea mu Likasi. Fuata. Usiguse."

"Imesikika."

Akazima.

Reine hakuwa amevaa nguo nyeusi kwa ajili ya kazi. Nguo zilikuwa zake. Kaka yake mkubwa, Germain, alizikwa mwezi uliopita, na Georgette alimpa kazi hii kwa kusitasita, akisema kwamba hakuna kificho bora kuliko huzuni ya kweli. Halafu akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Germain alikuwa fundi wa viyoyozi huko Shituru, mtaa wa Likasi, upande wa nyumba za kampuni, karibu na reli. Magari ya zamani ndiyo yaliyokuwa maisha yake: Peugeot, Corolla, Mercedes zilizotengenezwa wakati wa gesi ya zamani ambayo sasa imepigwa marufuku. Ukitaka gari la namna hiyo lipulize ubaridi tena kwa gesi mpya, sharti ulivue kwanza. Utoe mafuta ya kompresa yote. Ubadilishe pete za mpira. Ubadilishe chujio la unyevu. Uvute hewa kwa pampu mpaka sindano ya geji ilale. Ndipo utie gesi. Germain alifanya hivyo kila mara, huku wateja wakimgombeza kwa kuchelewa.

Carlos aliwapa wale wasiotaka kuchelewa kitu kingine. Mitungi ya rangi ya samawati, lebo safi, bei nyepesi. Ndani yake, maabara ilisema, mlikuwa na kemikali ya zamani iliyowahi kutumika kwenye majokofu na kuachwa kwa sababu iliua watu majumbani mwao. Inapuliza ubaridi, ndiyo. Lakini ikikaa ndani ya kompresa ya alumini inaila ile alumini polepole, na kutokea hapo huzaliwa sumu inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Haihitaji kiberiti. Inahitaji tu fundi mmoja afungue bomba.

Fundi huyo alikuwa Germain. Gari lilikuwa Peugeot ya mteja, iliyotiwa gesi ya Carlos mahali pengine. Moto ulimpata usoni na kifuani, majirani wakakimbilia maji kama mtu yeyote angefanya, na maji yakauongeza.

Mitungi iliyokuwa mbele ya Reine ikiingia Likasi, kila fundi wa Likasi angekuwa Germain. Na katika gereji ya Germain sasa alifanya kazi Cédrick, mdogo wao. Ndiye pekee aliyembakia Reine.

*

Kwenye njia panda ya Kapolowe, Mercedes ilianza kutoa mvuke.

Msafara ukasimama kando ya akina mama wauza samaki wa kukaushwa. Reine akapita, akageuza, akasimama nyuma ya Prado. Alijifunga kitenge vizuri juu ya bastola, akashuka.

Dereva wa gari la maiti alikuwa kijana mwenye suti nyeusi na miwani ya jua. Aliitwa Dan, wenzake walikuwa wakimwita hivyo huku wakimcheka. Boneti ilikuwa wazi. Dan alikuwa akiipungia hewa kwa kofia, kana kwamba injini imezimia.

Akamwona Reine na nguo zake. Akajikumbusha kuhuzunika.

"Maman, pole. Uko naenda ku kilio?"

"Ee. Ku kilio ya yaya yangu, mukubwa yangu."

"Basi tuko bamoja."

Mlango wa Prado ukafunguka. Carlos akashuka, mwanamume mfupi mwenye shati la kitani, akanunua samaki mkubwa wa moshi, akaenda kumla akiwa ameegemea gari la maiti. Alikula kwa haraka, mifupa akiitupa miguuni pake. Alipomaliza alitazama vidole vyake vilivyojaa mafuta. Akafungua mlango wa nyuma wa Mercedes, akanyoosha mkono, akavifuta kwenye kitambaa cha zambarau kilichofunika jeneza.

"Condoléances, madame," alimpa Reine rambirambi, akatabasamu, akarudi kwenye ubaridi wake.

Mlango wa nyuma ulibaki wazi.

Msalaba wa mbao ulikuwa umelazwa juu ya jeneza. Rangi nyeusi, herufi nyeupe, mpya.

GERMAIN KITOBO MWILAMBWE.

Reine alisoma mara moja. Hakusoma tena. Hakukuwa na haja.

Ili maiti ipite vizuizi vya barabarani, lazima iwe na karatasi, na karatasi nzuri ni ile ya mtu aliyekufa kweli. Walimwua Germain kwa gesi yao, kisha wakachukua kifo chake kusafirishia gesi nyingine. Mate yalimjaa mdomoni. Akayameza.

Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi, na lilimfikia kwa kuchelewa, kama maumivu ya kidole kilichobanwa na mlango.

Mwilambwe.

Jina hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Lilikuwa jina la babu yao, ambalo Germain aliitwa nyumbani tu. Alipokufa, familia ilikataa kuliandika kwenye msalaba wake wa kweli kule makaburini, kwa sababu jina la namna hiyo haliendi udongoni. Linabaki nyumbani, linangojea mtoto atakayezaliwa. Shangazi waliolijua walikuwa wamekwisha kufa. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa. Duniani kote walibaki wawili waliolijua.

Mmoja alikuwa amesimama hapo, kwenye vumbi la Kapolowe.

"Maman, uko sawa?" Dan aliuliza.

"Joto tu."

Sauti yake ilitoka kavu na ya kawaida. Ndiyo kazi aliyofundishwa. Akauliza motoka yao ina nini, na Dan akajibu kwamba clim, kiyoyozi chao, ndiyo inaitesa injini; asubuhi ilikuwa inapuliza kama Ulaya, sasa inapuliza kama mbuzi.

Reine akarudi kwenye Carina, akatoa kwenye buti taa ndogo ya shaba yenye chupa ya gesi chini na mrija mwembamba wa mpira. Ilikuwa ya Germain. Mafundi wengi wameitupa siku hizi na kununua mashine zinazolia. Taa hii hailii. Unaiwasha, unapitisha mrija karibu na viungo vya mabomba, na taa inavuta hewa ya pale. Kwa gesi ya kisasa iliyo halali, mwali wake haubadiliki. Ukiona rangi, kuna klorini.

Alipoiwasha, madereva wakaangua kicheko.

"Ee bandugu, mama iko mécanicienne," Dan alisema. "Maman, hii haiko moto ya kupikia bukari."

"Yako bukari imeisha kuungua," Reine alimjibu kama mpishi wa ugali. "Simama pembeni."

Wakacheka tena, sasa wakimcheka Dan.

Akapitisha mrija chini ya kompresa.

Mwali ulikuwa wa buluu. Ukayumba.

Ukawa kijani. Kijani kibichi, kama kutu ya shaba kwenye kuta za kiwanda.

Akazima.

"Gazi inavuya," alisema. "Muliweka ya wapi?"

Dan aliangalia upande wa Prado, akashusha sauti, akajivuna. Walijitilia wenyewe asubuhi ile, kabla ya kufunga mzigo. Bule kabisa, na patron hajui. Huko nyuma walikuwa wametia tena mara kwa mara, kwa nini mtu ateseke na joto akiwa na mali mgongoni?

Kwa hiyo sumu haikuwa kwenye jeneza tu. Ilikuwa imekaa kitambo kwenye mishipa ya gari lenyewe, ikila alumini, ikingojea hewa.

"Sikia," Reine alimwambia polepole, akionyesha bomba la gesi. "Zima clim. Shusha vioo. Na usiache muntu afungue hii tuyau. Hata mumoja."

"Kushusha vioo, na hii vumbi?" Dan alitikisa kichwa. "Maman, hamuna shida. Kuko mécanicien anatungoja mu Shituru. Yeye ataifungua yote, ataosha, ataweka ingine."

Akafunga boneti. Akampigia saluti ya kejeli.

Reine alitembea hadi kwenye gari lake. Hakukimbia. Alikaa, akafunga mlango, akatema nje ya dirisha, na ladha haikutoka.

"Ndoo kwa Kisima."

"Sema."

"Anayepokea ni mudogo yangu. Ku msalaba bameandika Germain na jina ya nyumba, na tulibaki babili tu benye kuijua."

Georgette alipunguza sauti. Ikawa laini kuliko kawaida. Aliuliza kama Reine anataka kuiachia kazi mikononi mwa Blaise, aliyekuwa tayari Likasi na vijana wake.

"Hapana. Lakini kuko kingine. Ile Mercedes yenyewe iko na sumu. Cédrick akiifungua, anakufa sawa Germain. Niache nimupigie simu."

"Ukimupigia, Carlos atajua. Atageuka, na hatutamuona tena. Batu ngapi bakufe?"

"Tantine, ni mutoto ya mama yangu."

"Ni yeye aliuzisha jina ya mutoto ingine ya mama yako," Georgette alisema. "Kama unataka kumuokoa, fika mbele yake."

Redio ikakatika.

Reine akakanyaga mafuta.

*

Malori ndiyo yaliyomchelewesha.

Yalikuwa yamepangana mlimani kabla ya Likasi, moja nyuma ya jingine, mgongoni matangi ya asidi yakiwaka jua. Madereva walipoona gari la maiti kwenye vioo vyao, wakasogea pembeni wote, kwa adabu. Mmoja alitoa kofia. Mwingine alifanya ishara ya msalaba. Mercedes ikapita katikati yao kama mfalme, basi ikapita, Prado ikapita.

Kisha malori yakarudi barabarani.

Reine akabaki nyuma, kwenye moshi. Akapiga honi. Dereva mmoja akatoa mkono dirishani, akamwonyesha ishara ya kungojea: mama, heshimu wafu.

Angeweza kulia kwa hasira. Alipiga usukani kwa kiganja. Mbele kabisa, matawi ya msafara yalipotea kwenye kona. Watu wema walikuwa wakiwafungulia njia wanyama wale, na kumfungia yeye.

Alipata nafasi mahali ambapo bonde linafunguka. Carina ikapita upande wa majani, jiwe likagonga chini ya gari, kitu kikachubuka. Hakutazama.

Likasi ikatokea.

Akapita mjini bila kuona kitu, akashuka Shituru, akachomeka Motorola kiunoni, akaacha gari kando ya reli. Kwenye sikio, kifaa kidogo kama punje ya mahindi kilikwaruza.

"Blaise. Niko nyuma ya ukuta. Bameingia sasa hivi. Tunangoja neno yako."

"Bamefungua boneti?"

"Boneti iko wazi."

Basi la waimbaji lilikuwa limeachwa nje ya geti la gereji. Akina mama wale wa kukodiwa, wasiojua lolote, walikuwa wameshuka na waliendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Reine hakupita getini. Alizunguka nyuma, hadi kwenye uwazi wa ua ambao yeye na ndugu zake walipitia walipokuwa watoto. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyokumbuka. Akajipenyeza.

Ndani ya gereji, jeneza lilikuwa juu ya meza ya kazi, kifuniko kimeegemezwa ukutani. Kwenye kitambaa cheupe cha hariri, mahali pa kichwa na mahali pa miguu, mitungi ya samawati ilikuwa imelazwa kwa uangalifu, kama watoto wachanga. Carlos alikuwa akiipapasa. Dan alikuwa amesimama kando ya Mercedes akieleza kwa mikono walivyojitilia gesi ya mzigo.

Na Cédrick, ndani ya ovaroli ya Germain, alikuwa ameinama kwenye injini. Spana ilikuwa tayari kwenye nati ya bomba.

"Cédrick. Toa hiyo clé."

Wote wakageuka.

"Yaya?" Cédrick alisema.

"Ndjo ile maman ya Kapolowe," Dan alisema kwa mshangao. "Ile ya bukari."

Carlos hakutikisika. Alitazama nguo nyeusi, akatazama mikono mitupu, akatabasamu. Reine hakumwangalia. Alimwangalia mdogo wake.

"Ndani ya ile tuyau kuko kile kiliua Germain. Weka clé chini."

"Germain aliuliwa na Peugeot ya muteja," Cédrick alisema. Mkono wake haukuiachia spana. "Hii iko ingine. Hii iko propre, iko safi. Patron aliniapia."

"Kama iko propre," Reine alisema, sasa akimgeukia Carlos, "patron asogee karibu. Asimame pembeni yako, na weye ufungue."

Carlos akacheka, kicheko cha mtu anayemhurumia mwanamke aliyefiwa.

"Madame ana huzuni," alisema. "Fungua, fundi. Fungua aone."

Na alipokuwa akisema hivyo, alirudi nyuma.

Hakukurupuka. Aliteleza tu, kiatu kwa kiatu, hadi nguzo ya saruji ikawa kati yake na Mercedes. Uso wake ulibaki ukitabasamu. Miguu ilikuwa imekwisha kusema.

Cédrick aliona. Alikuwa mtoto wa gereji. Alijua mtu anasimama wapi anapoamini kifaa na anasimama wapi asipokiamini. Aliitazama nguzo ile. Spana ikasimama kwenye nati.

"Patron," aliuliza polepole. "Uko narudia nyuma juu ya nini?"

Carlos aliutazama mlango.

Mkono wake ukaingia chini ya shati. Glock ikatoka.

Reine alifyatua kupitia kitenge, bila kutoa bastola nje. Browning ilibweka mara moja. Glock ikaruka, ikagonga jeneza, na Carlos akaanguka magoti akikumbatia kifundo cha mkono. Dan alikuwa tayari amelala kifudifudi, miwani pembeni.

Mlio ulimshtua Cédrick. Mkono wenye spana ukaruka.

Nati ikazunguka.

Mlio mwembamba, kama nyoka. Moshi mweupe. Kisha, bila kiberiti, bila cheche, mwali mrefu ukachomoka kwenye bomba na kulamba boneti.

Cédrick alisimama tu. Alikuwa akiutazama kama mtu anayemtambua mgeni.

Reine alimkamata ukosi wa ovaroli na kumvuta kwa nguvu zake zote. Wakaanguka wote kwenye sakafu. Kando ya mlango palikuwa na pipa la mchanga ambalo Germain aliliweka kufunikia mafuta yaliyomwagika. Akalipindua kwa bega, akachota kwa mikono, kwa kitenge, kwa chochote, akauzika moto pale pale.

Geti likasukumwa. Blaise na vijana wake waliingia kutoka upande mmoja. Upande mwingine aliingia Maman Michelle, jirani wa miaka yote, akiwa amebeba beseni la maji kwa mikono miwili. Aliona moto, akainua beseni.

"Hapana maji," Reine alisema. "Maman, hapana maji. Muchanga."

Michelle akasimama palepale, beseni likiyumba.

Mwali ukapungua. Ukakohoa. Ukafa chini ya mchanga.

*

Carlos alipotolewa alikuwa akidai ubalozi, bila kusema wa nchi gani. Dan alitolewa akilia. Alikuwa akiuliza kama amekwisha kuivuta ile sumu, kama atakufa. Nje, nyimbo zilikuwa zimekoma. Akina mama wa basi walichungulia getini, wakaona mitungi ndani ya jeneza, wakaanza kutema mate mmoja baada ya mwingine.

Blaise alimkamata Cédrick mwenyewe, kwa upole, akaacha pingu mfukoni, akaomba dakika moja aende kuongea kwenye redio. Alijua kuacha ndugu peke yao.

"Yaya, uliniokoa," Cédrick alisema.

Reine alikuwa akijipangusa mchanga.

"Minye sikujua gazi iko vile. Naapa. Baliniomba tu karatasi ya Germain, juu ya barabara. Nilisema, yeye alisha kufa. Maiti haina kazi na karatasi."

"Na jina?"

Cédrick aliinamisha kichwa.

"Msalaba sawasawa na wake, nilishindwa kuuandika. Mukono ulikataa. Nikafikiri, nikiongeza jina ya nyumba, itakuwa muntu mwingine. Haitakuwa yeye tena."

Reine alimtazama. Ovaroli ilikuwa kubwa kwake, mikono ilikunjwa. Alitafuta ndani yake hasira na hakuipata. Alipata kinyaa tu, kile alichokuwa nacho tangu Kapolowe, kama mafuta ya samaki yasiyofutika.

"Vua nguo yake," alisema. "Halafu uende na Blaise."

"Yaya, sina nguo ingine chini."

"Vua."

Blaise aliporudi, alimkuta Cédrick amesimama kwa kaptula, na Reine amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, msalaba umelala mapajani mwake. Alikuwa na bisibisi. Alikuwa akikwangua herufi za mwisho, moja moja, taratibu, mpaka mbao ikatokea nyeupe.

Blaise alimkumbusha kwamba ule ni ushahidi.

"Ushahidi ingine iko mingi," Reine alisema, akapuliza unga wa rangi. "Hii jina ni ya nyumba."

Jina la babu likatoka lote. Akampa Blaise msalaba.

Maman Michelle alikuwa bado pale pale na beseni lake. Alikuwa amesikia wimbo, ameona gari la maiti likiingia kwa akina Kitobo kwa mara ya pili, na hakuuliza kitu. Alichota maji akaja, ili watakaotoka makaburini wanawe kabla ya kuingia, kama inavyofanywa. Sasa alitazama meza, mitungi, hariri.

"Maiti iko wapi?" aliuliza.

"Hamuna maiti, Maman."

Mama yule alifikiri. Hakuelewa yote, lakini alielewa vya kutosha kukunja uso, kama mtu aliyefungua chungu na kukuta kimeharibika. Hata hivyo akasogea, akanyoosha beseni.

"Nawa tu, mwanangu. Uligusa sanduku."

Reine aliyatazama maji. Yalikuwa masafi, na alikuwa na mchanga hadi kwenye viwiko.

"Aksanti, Maman. Nitanawa siku tutazika. Leo hatukuzika muntu."

Akaikunja ovaroli ya Germain kwapani, aiweke pamoja na taa yake ya shaba kwenye Carina, akatoka kwa geti la mbele, katikati ya wanawake waliompisha. Motorola ikakwaruza ndani ya kitenge kilichotoboka.

"Kisima kwa Ndoo. Uko na neno ya kuongeza?"

"Hapana, Tantine."

Akaizima, akavuka reli.